Makubaliano ya wazazi wenyewe au yaliyoidhinishwa na mahakama: yapi yanamlinda mtoto zaidi?

Wazazi waliotengana lakini bado wanasikilizana mara nyingi huandikiana wenyewe: mtoto alale wapi siku za shule, likizo aende kwa nani, ada alipe nani. Ni njia ya haraka, haina gharama, na ratiba ikibana hubadilishwa kwa simu moja. Lakini siku mmoja akikataa kumrudisha mtoto, karatasi ile kwa kawaida haina meno. Inabaki ushahidi tu wa mlichokubaliana.

Makubaliano hayo yakiidhinishwa na mahakama huwa amri, na anayeyavunja anaweza kuitwa ajieleze, hata kuadhibiwa. Tena hakimu hagongi muhuri tu. Hupima kwanza maslahi ya mtoto, kanuni iliyomo katika ibara ya 3 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na anaweza kuyakataa ingawa wazazi wote wawili wametia saini. Ugumu wake: mabadiliko ya kudumu huhitaji kurudi mahakamani.

Mimi ningechagua mahakama, hasa palipowahi kuwa na vitisho, au mzazi mmoja akipanga kuhamia nchi nyingine.