Nimesoma Hansard za Seneti kujua seneta wangu huongea nini, haya hapa maoni yangu

Nyota nne kati ya tano, nasema mapema, na ile moja iliyobaki nitaeleza imeendea wapi. Ninachopima hapa ni Hansard ya Seneti ya Kenya, ile rekodi ya neno kwa neno ya kila kikao ambayo inawekwa kwa tovuti ya bunge na kila mtu anaweza kuipakua bure. Wengi wanajua iko lakini hawajawahi kufungua hata ukurasa mmoja, na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka siku nilichoka na ubishi wa kila siku, huyu anasema seneta wetu ni simba kule bungeni, yule anasema hajawahi kufungua mdomo, na ukiuliza umejuaje wote wawili wameona klipu ya dakika moja waliyotumiwa kwa simu. Nikasema basi, wacha nisome mwenyewe.

Ukifungua faili, nyingi zinaanza vilevile, Seneti ilikutana saa nane u nusu mchana, Spika yuko kitini, sala, halafu shughuli zinaanza. Vikao ni Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Chini ya kurasa kuna onyo dogo kwamba nakala ya mtandaoni ni ya kujulisha tu, ile iliyoidhinishwa inatoka kwa mkurugenzi wa huduma za Hansard, kwa hivyo kama unataka kutumia maneno ya mtu kwa jambo la kisheria usitegemee ile ya kwa simu. Kwa sisi tunaotaka tu kujua nani amesema nini, inatosha kabisa.

Nilianza na seneta wa kaunti yetu, jina naliacha kando. Unaandika jina lake pale pa kutafuta neno na linakurukia kila mahali alipoongea. Siku za kwanza nilifurahi sana manake lilikuwa linatokea sana, halafu nikaanza kusoma lenyewe analosema na furaha ikapungua. Kukaribisha wanafunzi waliokuja kutembelea bunge, rambirambi, kumuunga mkono mwenzake kwa sentensi nne halafu anaketi. Sisemi hayo ni mabaya, mtoto aliyetoka mashinani akisikia jina la shule yake likitajwa mle ndani hatasahau maisha yake yote, lakini huo sio mchango kwa mjadala wa nchi na usihesabu kama mchango. Hili ndilo la kwanza Hansard ilinifundisha, kwamba kuongea mara nyingi na kuongea la maana ni vitu viwili.

La pili ni taarifa. Kuna ile taarifa seneta anasimama tu anaeleza jambo linalowasumbua watu, wenzake wanachangia kidogo na inaishia hapo. Na kuna ile anayoomba kamati fulani ilete jibu, mfano kwa nini pesa za kaunti zimechelewa na wafanyakazi hawajalipwa. Hii ya pili ndio mimi naangalia sasa, kwa sababu ina mkia, unaweza kuufuata. Seneta wetu aliomba moja kama hiyo kuhusu kuchelewa kwa pesa, nikaenda faili za wiki zilizofuata kutafuta jibu, hakuna, halafu nikakuta amesimama tena kwa hoja ya nidhamu, yaani kudai utaratibu wa kikao ufuatwe, anamuuliza Spika mbona kamati haijajibu. Jamani hapo nilimheshimu. Hakuna klipu ya hiyo popote, hakupiga kelele, hakutukana mtu, ilikuwa mistari kama sita tu lakini ndio kazi tuliyomtuma.

Sasa kama unataka kuonja Hansard kwa ubora wake, chukua mjadala wa mwaka 2020 wa mgao wa mapato. Kifungu cha 217 cha katiba kinaipa Seneti kazi ya kuamua kila miaka mitano pesa za kaunti zigawanywe kwa msingi gani, na ile ilikuwa fomula ya tatu. Vita vyenyewe vilikuwa juu ya uzito wa idadi ya watu. Ukiupandisha, Kiambu, Nairobi na Nakuru zinapata zaidi, na Wajir, Mandera, Garissa, Tana River, Kwale na Kilifi zinapunguziwa. Kwa hivyo ungetegemea kila seneta avute kwake na ndivyo wengi walivyofanya, na sio dhambi, kifungu cha 96 kinasema Seneti iko pale kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yao. Lakini soma Johnson Sakaja akiwa seneta wa Nairobi, kaunti ambayo ingeongezewa, yuko na lile kundi lililojiita Team Kenya linalosema kaunti yoyote isipoteze hata shilingi. Mimi nilirudia kusoma hizo kurasa mara mbili. Ukubaliane naye usikubaliane, hapo ndipo unaona tofauti ya mtu anayeongelea nyumbani kwake na mtu anayeongelea nchi nzima. Na upande ule mwingine pia usiwapuuze, ukisoma hoja zao taratibu zina uzito, kwamba hospitali ya kaunti yenye watu wengi ina foleni ndefu na hao wagonjwa nao ni Wakenya. Kwa tivii ile ilionyeshwa kama vita ya makabila na vyama, kwa Hansard ilikuwa watu wazima wanapimana hoja kuhusu umaskini, ukubwa wa ardhi, barabara na maji.

Halafu unafika tarehe 17 Agosti 2020, siku maseneta watatu walikamatwa na polisi, Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Langat wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu, na mjadala wa pesa ukageuka kuwa wa usalama wa maseneta wenyewe. Kusoma hizo kurasa ukijua kilichotokea asubuhi yake inasisimua mwili. Mwafaka ulikuja tarehe 17 Septemba, na ulifunguliwa na ahadi kwamba mwaka wa fedha uliofuata kaunti zingepata bilioni 370 badala ya bilioni 316.5, ili isiwepo inayopoteza. Yaani wale waliokuwa wanakataa kikao baada ya kikao, wakiitwa wasumbufu, ndio waliofanya mfuko wote uongezeke. Mtu akiniuliza leo Seneti ina faida gani ninampeleka hapo.

Kitu kingine kizuri sana ni kura. Kwa mambo ya kaunti kila kaunti ina kura moja, kwa zote 47, na zinahitajika 24 kupitisha, na majina yanaandikwa moja moja na upande waliopigia. Sasa wewe chukua alichosema mtu kwenye mjadala ukiweke kando ya kura yake. Nimekuta ambao wameongea kwa uchungu dakika kumi dhidi ya jambo halafu jina lao liko kwa orodha ya waliounga mkono, hapa siwataji, nenda ukaone mwenyewe. Na wale maseneta wateule, walioingia kupitia vyama bila kuchaguliwa na kaunti, ambao kwa kura za kaunti hawana kura yao wenyewe, wasomeni pia. Seneti nzima ni maseneta 67, wateule wakiwa 20, na baadhi ya michango iliyotafitiwa vizuri kuhusu walemavu na vijana nimeikuta kwao.

Kiswahili nacho. Katiba inasema lugha rasmi za bunge ni Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara ya Kenya, na kanuni inataka ukianza kuchangia kwa lugha moja umalizie kwa hiyo hiyo. Hansard inachapa vile ulivyosema, haitafsiri. Kwa hivyo unakuta Mohamed Faki wa Mombasa au Stewart Madzayo wa Kilifi wanaanza na asante Bw. Spika kwa kunipa fursa hii, halafu hoja ya mswada mgumu inafafanuliwa yote kwa Kiswahili kilichonyooka. Nilimsomea mzee wangu nyumbani mchango mmoja wa namna hiyo, mzee ambaye Kiingereza cha bunge kinamchosha, alinisimamisha mara tatu nirudie na akaanza kubishana nao kama vile seneta amekaa pale kwa kiti. Hiyo ndio huduma. Inaniuma kwamba kurasa kama hizo ni chache, faili nyingi ni Kiingereza mwanzo mwisho, na mwananchi ambaye mswada unamgusa ndiye anabaki nje ya mjadala.

Na hapo ndipo ile nyota moja imeanza kuondoka. Sehemu iliyobaki ni kwamba rekodi imepangwa kwa siku, haijapangwa kwa mtu wala kwa jambo, kwa hivyo kumfuata seneta mmoja mwaka mzima ni kufungua faili moja baada ya nyingine na simu ndogo inachoka. Pia mazungumzo ya kamati hayamo kwenye Hansard ya kikao kikuu, na kazi nyingi ngumu ya mswada hufanyika kwa kamati, kuna seneta anaweza kuonekana bubu kumbe ndiye aliyekaa na vifungu mpaka usiku. Hilo likumbukwe kabla hujamhukumu mtu.

Ukiona uvivu wa kufungua faili, Mzalendo, shirika la kiraia linalofuatilia kazi ya bunge, wana tovuti ambapo kila mbunge na seneta ana ukurasa wake na michango yake imekusanywa hapo. Inaokoa muda sana na mimi hutumia zote mbili, naanza pale nione tarehe halafu narudi kwa Hansard nisome mjadala mzima, kwa sababu mchango ukiung'oa peke yake huoni alikuwa anamjibu nani. Ile idadi ya mara ngapi mtu ameongea ichukulie kama mlango tu, ingia ndani usome.

Kwa anayeanza nashauri usianze na kesi kubwa kama ile ya Oktoba 2024 ya kumwondoa naibu rais Gachagua. Najua kila mtu alikesha kwa tivii, na majina ya kura yote yapo, maseneta 54 kwa shtaka la kwanza na mashtaka 5 kati ya 11 yakapita, lakini kikao kama hicho ni kama mahakama, maswali na mawakili, hakikuonyeshi seneta wako wa siku za kawaida. Chukua Jumanne yoyote ambayo hakukuwa na kamera nyingi, tafuta jina lake, soma kurasa tano kabla na tano baada.

Ile taarifa ya kuchelewa kwa pesa niliyosema hapo juu, jibu la kamati bado sijalikuta. Nimebakisha faili za miezi miwili, nikilipata nitaongeza hapa liko tarehe gani.