GeForce RTX 4070 au Radeon RX 7800 XT kwa Skrini Nyingi

Kadi hizi mbili za michoro, zote za mwaka 2023, huendesha skrini hadi nne kwa wakati mmoja, hivyo idadi ya skrini pekee haiwezi kuamua. Tofauti kubwa imo katika kumbukumbu: Radeon ina gigabaiti 16 na GeForce 12, na anayecheza gemu kwenye skrini ya 4K huku madirisha ya kazi yakibaki wazi pembeni ataithamini nafasi hiyo ya ziada. Radeon pia ilizinduliwa kwa bei ya chini.

Umeme nao una uzito wake. GeForce imepangiwa wati 200 na Radeon 263, kwa hiyo hii ya pili huhitaji kasha linalopitisha hewa vizuri. Tena, skrini zenye kasi tofauti za kuonyesha picha upya zinaweza kuongeza matumizi ya umeme hata kompyuta ikiwa imetulia, jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau.

Kwa anayetegemea programu zilizojengwa juu ya CUDA, yaani mfumo wa NVIDIA, watengenezaji wa GeForce, wa kufanyia hesabu kwenye kadi zao, ningependekeza GeForce bila kusita. Anayetumia Linux hatahangaika sana akiwa na Radeon, kwa kuwa draiva yake huria (programu inayoiendesha kadi) imo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo huo.