Kliniki ya masikio na pua Upper Hill, Nairobi: kadi kwanza, mtoto baadaye

Nyota mbili, na hizo ni za nesi. Nilipeleka kijana wangu wa miaka minne, anakoroma mdomo wazi, kamasi haziishi. Mapokezi hata jina lake hawajauliza, "Unalipa keshi ama una kadi?" Nikatoa kadi ya bima ya kazini (hii ni kando na ile 2.75% ya SHA, bima ya afya ya serikali, inayotoka kwa mshahara). Daktari akaangalia eksirei dakika mbili hivi akasema adenoidi, vile vinyama vya nyuma ya pua, zimeziba njia, tutoe, na tonsili tutoe pia tukiwa hapo hapo, na kabla sijamvalisha mtoto sweta fomu ya kuomba kibali cha bima ishajazwa, imebaki sahihi yangu tu.

Nikauliza, na kama ningelipa mfukoni? Akacheka kidogo, "Basi tungejaribu dawa ya kupuliza puani kwanza." Weh! Si pua ni ile ile?

Sisemi oparesheni ni mbaya, mtoto akikatika pumzi usingizini hiyo si ya kungojea, lakini adenoidi huwa zinapungua zenyewe mtoto akikua, na hata madaktari wenyewe hawaelewani nani haswa wa kukatwa. Nikaenda kwa mwingine, keshi, akatupa ya kupuliza. Kukoroma kumepungua, hakujaisha. Jirani yangu naye hana kadi, mtoto wake anakatika pumzi kweli kweli usiku, na bado wanachangisha.

Nesi alimpulizia kijana glavu ikawa puto, mpaka leo iko kwa kitanda, imenywea.