Pochi kopi ya Kariakoo au OG (orijino) ya mtumba?

Jamani hela ni ileile, elfu 50 mkononi, unachukua ipi? Nimebeba zote mbili so naongea kwa uzoefu.

Kopi ya Louis Vuitton, ule mzigo unaotoka Guangzhou, siku ya kwanza inaua kabisa, inang'aa, ina mfuko wake wa vumbi na karisiti feki ndani (hiyo karisiti ilinichekesha sana). Shida inakuja baadaye. Mikanda ya LV yenyewe ni ngozi isiyopakwa rangi, inaanza nyeupe nyeupe afu kadiri unavyoishika inakolea kama asali, sasa ya kwangu ni plastiki, miezi minne tu ikaanza kubanduka magamba kwapani, kwenye daladala nikishuka nina vipande vyeusi kwenye blauzi nyeupe. Na muuzaji nae hana amani, FCC (Tume ya Ushindani, wale wanaokamata bidhaa feki) wakipita wanabeba mzigo wote.

Mtumba wa soko la Karume sasa, nilipata pochi OG ya Coach ya zamani, ngozi nzito, ndani ina kile kipande cha ngozi kilichogongwa maandishi na namba. Ilikuwa chafu balaa, inanuka stoo, na nilidamka alfajiri wakati wanafungua belo. Nikaifuta, nikaipaka mafuta ya ngozi, zipu mpaka leo inateleza.

Ila kama ni ya harusi moja tu na picha, aah, chukua kopi, nani atakuja kukukagua ndani?