aprs.fi: mwaka mzima nafuatilia gari langu kwa redio

Wenye leseni za redio za amateri, yaani redio za mawasiliano za kujifurahisha, hii saiti mnaijua, ila kwa wageni nieleze kidogo. Redio ya kwenye gari langu inasoma jipiesi (GPS) halafu kila baada ya dakika mbili inarusha pakiti fupi, yaani kifurushi cha data, yenye kolsaini yangu (jina langu la redio) na mahali nilipo, kwenye 144.800 MHz. Kama kuna aigeti karibu, yaani kituo cha kupokea kilichounganishwa na intaneti, inaidaka, inaitupa intaneti, aprs.fi wanaichora kwenye ramani. Garini hakuna laini ya simu wala bando. Huu mfumo wa APRS aliubuni Bob Bruninga, kolsaini yake WB4APR, Mmarekani aliyefariki 2022, na saiti yenyewe inaendeshwa na Mfini mmoja, Heikki Hannikainen, na kuangalia ni bure.

Mi nakaa Kimara, Dar. Jirani sikuona aigeti yoyote kwenye ramani so nikajenga yangu, dongo la RTL-SDR (kipokea redio kidogo cha kuchomeka USB), kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, programu ya Direwolf ya kusoma pakiti, na antena nimeifunga kwenye bomba juu ya bati. Ikakubali.

Sasa kuna siku naenda Morogoro, kinukta changu kikagota kabla ya Mlandizi. Mke wangu yuko nyumbani anaangalia, lisaa limoja hakijasogea, akanipigia sauti inatetemeka anajua nimepata ajali, kumbe niko Chalinze nakula mihogo na gari halina shida yoyote, nilikuwa tu nimetoka nje ya masikio ya antena yangu. Iliniuma sana kumtia hofu vile. Tangu hapo nimemfundisha abonyeze kile kinukta, inakuja saa ya mwisho kusikika na kituo kilichopokea, asiishie kuangalia picha. Na umeme ukikatika Kimara ndo kabisa, aigeti ilikuwa inalala na mimi napotea hata nikiwa Mbezi, sasa nimeshaiwekea betri.

Kitu nachokipenda zaidi ni ukurasa wa pakiti ghafi, orodha ya kila pakiti kama ilivyopokelewa. Mvua zilipoanza niliona pakiti zinaingia kwa kurukaruka, mbili zipo tano hazipo, nikapanda juu nikakuta maji yameingia kwenye koneta ya waya. Bila ile orodha ningelaumu redio nikanunua nyingine bure.

Halafu kile kituo cha anga za juu cha ISS, kiko kama kilomita 400 juu yetu, kuna vipindi redio yake inarudia pakiti kwenye 145.825. Alfajiri moja nikahamishia aigeti huko, nikasimama uani na redio ya mkononi ya wati 5, nikarusha mara tatu nne hivi, nafungua aprs.fi naona kolsaini yangu na kwenye njia pakiti ilikopitia imeandikwa RS0ISS, kolsaini ya ISS. Jamani. Nilikaa pale uani mpaka kumekucha.

Mapungufu, kwenye saiti huwezi kutuma meseji, ni ya kuangalia tu. Na ramani inaonwa na dunia nzima, kwa hiyo ukikaribia nyumbani zima bikoni (ule urushaji wa pakiti), mi nazima nikifika barabara kubwa.

Mwenye leseni aliye Mlandizi au Chalinze, dongo moja, Raspberry Pi na antena ya 144.800 juu ya bati lako na kipande hicho cha barabara kinaonekana. Niko tayari kuja kukufungia mwenyewe.