Ving'ora vya moto vya kukodi kwenye saiti za fremu za mbao: kifaa kizuri, huduma inachelewa

Wandugu mnaofanya ujenzi huku Uingereza, hasa hizi saiti za flati za fremu za mbao, nimeona watu wanauliza kama vile ving'ora vya moto visivyo na waya vina faida au ni hela ya bure. Sisi tumekodi kwa kampuni moja ya hapa Midlands, katikati ya Uingereza, tangu mwezi wa pili, na mi ni fundi seremala, nashinda navyo kutwa nzima, kwahiyo naandika nilichokiona. Nawapa nyota 3 kati ya 5. Kifaa peke yake ningekipa 5.

Ni boksi jekundu la betri, lina kitufe kikubwa mbele, king'ora na taa inayomulika, unalipachika popote unapotaka. Ukibonyeza moja yanalia yote. Kwa saiti kama yetu hilo ni jambo kubwa maana paneli za kuta zinakuja zimeshatengenezwa kiwandani, kreni inanyanyua, sisi tunafunga, leo hapa ni wazi kesho ni ukuta, sasa waya utaupitisha wapi? Tulipewa manane, mawili yana kihisi cha joto. Vya moshi walitushauri tusichukue kwa sababu ya vumbi la msumeno, vingekuwa vinalia ovyo mpaka watu wavizoee, na hapo walitushauri vizuri kabisa.

Kwa ambao hamjafanya kazi ya mbao, nyumba ikishamalizika, jipsamu bodi zimefunika kuta na milango ya kuzuia moto imefungwa, inastahimili moto muda mzuri tu. Shida ni hii miezi ya kujenga. Mbao ziko uchi, madirisha hamna, upepo unapita kutoka chini mpaka paani, moto ukianza unapanda ndani kwa ndani ya kuta kabla hujauona. Hapo Nottingham mwezi wa tisa 2014 maabara ya chuo kikuu iliyokuwa inajengwa kwa mbao iliteketea ikabidi ijengwe upya, na kule Charlotte Marekani tarehe 18 Mei 2023 wafanyakazi wawili walifia kwenye jengo la flati lililokuwa bado linajengwa, moto ulianzia chini kwenye trela la kupulizia foamu ya insulesheni, ile ya kuzuia baridi. Wale wawili siwatoi kichwani kila nikipanda ngazi, walikuwa kazini tu kama mimi.

Sasa nije kwetu. Siku ya Jumatano baada ya chai fundi bomba alikuwa anachomelea bomba la kopa ghorofa ya pili, moto wa tochi ya gesi ukashika ile karatasi ya kuzuia maji nyuma ya bomba. Kijana anayejifunza naye kazi akakimbia akabonyeza, yote manane yakalia hapohapo, sekunde moja haikupita. Watu wa chini wakatoka fasta. Mi nikatoka nje, nikihesabu naona mmoja hayupo, mzee mmoja Mkenya tunayefanya naye kazi, yuko ghorofa ya nne na msumeno unaunguruma na amevaa zile za masikioni za kuzuia kelele. Nikapita nje kwenye jukwaa la mafundi napiga kelele, "Mzee, shuka! Shuka sasa hivi!" Akatoa kichwa ananiambia, "Kijana, si test hiyo?" Test yetu ni Jumatatu asubuhi. Nikamwambia ni moto kweli, akaacha kila kitu akashuka.

Hakusikia kwa sababu ghorofa ya nne haikuwa na boksi hata moja. Mkataba uliandikwa jengo likiwa ghorofa ya pili, na maboksi yakabaki palepale sisi tukizidi kupanda. Foremani alishawapigia kuomba ya kuongeza na mtu wa kuja kuyapanga upya, wakasema kesho, ikapita siku nne, na moto ukatukuta tunasubiri. Hapo ndo nyota mbili zilipoenda. Kampuni inayokodisha vitu hivi kwa saiti ya mbao inajua jengo linapanda kila wiki, hilo lilitakiwa liwe kwenye mkataba siku ya kwanza, sio mpaka mteja aombe.

Moto wenyewe ulizimwa na mtungi mmoja wa kuzimia moto, ule wa maji. Lakini foremani akasema tufungue ukuta tuone, tukatoa insulesheni, ndani kwenye nguzo kulikuwa na kaa jekundu limetulia kabisa, kama lile la jikoni ambalo mama analifukia kwenye majivu usiku ili asubuhi asihangaike na kiberiti. Kwa macho ya nje kila mtu alishaona yameisha. Ndo maana huku wanataka mtu akae saa zima akilinda baada ya kazi ya moto kama kuchomelea, na jamani hilo saa msilikate hata kama mnawahi basi, mi nililiona lile kaa kwa macho yangu.

Kesho yake kampuni walikuja asubuhi sana, wakaweka mengine matatu juu, mojawapo pale pale mzee anapokatia mbao, lenye taa inayomulika usoni kwake kabisa maana kwa zile za masikioni mlio pekee hautoshi. Yule jamaa aliyekuja kufunga alikuwa mtu muungwana, alibonyeza, akapanda kila ghorofa akasikiliza mwenyewe na msumeno ukiwa unawaka. Hiyo ndo huduma niliyotegemea tangu mwanzo.

Kama unakodi, kabla hujasaini uliza wanakuja ndani ya siku ngapi ukipandisha ghorofa na iandikwe. Alafu betri, zetu mbili zilianza kulia mlio wa kuisha baada ya miezi miwili, kwenye baridi zinaisha haraka, omba za akiba mapema. Sisi paa tunaanza wiki ijayo, foremani ameshawaandikia, wakichelewa tena nitarudi kupunguza nyota.