Taa ya kijani ilinidanganya

Jina la programu silitaji. Anayeitumia kuigiza obiti, yaani njia za sayari kulizunguka Jua, ataitambua kwa ile taa ya kijani pembeni, inayowaka maadamu nishati ya mfumo haibadiliki. Niliiamini taa ile kwa miezi. Ujinga wangu.

Juzi juzi nikaipa mtihani wenye jibu linalojulikana: Jua na Utaridi peke yao. Hapo hakuna kubahatisha, maana mlinganyo wa Kepler unakwambia sayari iko wapi saa yoyote. Nikaiacha izunguke mara elfu moja. Taa kijani. Nikarudisha muda nyuma, Utaridi ikarejea pale pale ilipoanzia. Nikasema hawa jamaa kazi wanaijua. Kisha nikalinganisha na Kepler: sayari iko upande wa pili wa Jua! Ukubwa wa obiti ni ule ule, ila mwenyewe hayupo anapotakiwa kuwa.

Sasa, mwongozo wao unajigamba kwamba mbinu yao ya kukokotoa ni ya daraja la nne la usahihi. Kama ni kweli, ukikata nusu hatua ya muda (kile kipande cha muda ambacho programu inaruka kila inapokokotoa), kosa linashuka mara 16. Nikakata. Likashuka mara 4. Nikakata tena, mara 4 tena. Hiyo ni daraja la pili, ipake rangi uitakayo.

Nikawaandikia, na grafu nikaambatisha. Jibu lao lote: “Nishati imehifadhiwa. Tafadhali soma mwongozo.”

Mwongozo ndio niliowanukulia! Na nishati inahusika na ukubwa wa obiti. Haikwambii sayari imefika wapi njiani. Mtu wa huduma kwa wateja hajui hilo, sawa, lakini si amuulize anayejua?

Nilikuwa nimeshabonyeza nyota moja kwenye tathmini ya programu. Halafu, ili niwe mkweli, nikajaribu msimbo wangu mwenyewe wa Runge-Kutta, mbinu nyingine ya kukokotoa hatua kwa hatua, ambao ni wa daraja la nne kwelikweli. Mwanzoni uliwaacha mbali. Nilipouachia mizunguko mingi zaidi, nishati ikaanza kuvuja kidogo kidogo, obiti ikazidi kusinyaa. Ya kwao haikutetereka. Kwa safari ndefu, basi, wana kitu kizuri mkononi, nami nikapandisha hadi nyota tatu, roho ikiniuma.

Jana nimefungua mwongozo tena. Maneno “daraja la nne” yamefutwa kimya kimya. Mimi hawajaniandikia neno lingine.

Narudisha ile nyota moja.